Nyoka wa Njuga Hatoki Mchana

Kila siku akitoka shule, Otilia alivua sare, akala chapati mbili za mahindi kwa maharage, kisha akachukua daftari na fimbo na kuingia jangwani nyuma ya nyumba yao, huko Sonora. Mwalimu Ontiveros alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi amchunguze mnyama mmoja. Otilia alichagua nyoka wa njuga, yule anayetikisa mkia wake ukalia kama kayamba.

Siku kumi na nne alitafuta. Alifunua mawe kwa fimbo, akachomwa na miiba ya dungusi, jua likamchoma shingo. Wapi! Kila siku aliandika neno lilelile: Sijamwona.

"Nyoka wako amehama, nini?" binamu yake Rutilio alimtania. Yeye alichagua kuku. "Mwenzako nimeshajaza daftari!"

"Niache bwana!"

Siku ya kumi na tano, kwa hasira, Otilia akaandika: Saa saba mchana. Nyoka amejinyoosha juu ya jiwe, anaota jua.

Mwalimu alisoma, akavua miwani. "Kwa joto hili la Juni, Otilia? Jiwe la saa saba lingemkaanga!"

Darasa zima likacheka. Machozi yakamlenga Otilia. "Nimetunga, mwalimu. Nimechoka kuandika sijamwona."

"Basi kaandike upya."

Jioni alimweleza shangazi yake Chayo, mfugaji wa mbuzi. "Mchana wote huo unamtafuta juani?" shangazi alishangaa. "Yuko ndani ya shimo la panya, anakwepa joto. Kesho twende wote alfajiri, uvae viatu vya ngozi."

Kulipopambazuka walifuata mbuzi. Ghafla shangazi akamshika bega. "Simama hapo hapo."

Kando ya njia, nyoka mwenye rangi ya mchanga alikuwa amejikunja, kimya.

"Anavizia panya," shangazi alinong'ona. "Akimpata mnono, hukaa majuma bila kula."

Mbuzi mmoja akasogea. Mkia ukalia: chakachakachaka! Otilia akaganda.

"Anatuambia tupite mbali. Rudi nyuma, polepole."

Shuleni Otilia alisoma ukurasa wake mpya kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Njia hiyo ndiyo watoto wa chekechea wanayopita asubuhi," mwalimu alisema. "Wangeamini ule uongo wako, wangejihadhari mchana na kumkanyaga asubuhi. Na zile sijamwona zako usizifute. Ndizo zinazotuonyesha kuwa mchana hatoki. Andika ulichokiona, mwanangu, hata kama hukuona kitu."