Mngurumo wa Breka ya Jikoni

Msiniulize kama naamini mizimu. Mimi nawaambia nilichokiona nyumbani kwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi umeme wa miaka ishirini na mtu wa kujisifu mpaka masikio yachoke.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunakunywa chai. Boksi la umeme ukutani likaanza kunguruma. Ilikuwa breka ya jikoni, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi.

"Skrubu imelegea tu," mjomba akasema.

Mkewe akacheka. "Ama kweli mganga hajigangi!"

Mjomba akazima, akakaza skrubu, akawasha. Ikanguruma. Akachomoa friji na jiko, maana breka isiyo na kifaa kinachovuta umeme hailii. Ikanguruma. Akaing'oa, akaweka mpya, imetoka kwenye karatasi yake. Ikanguruma vilevile, na ndani ya mngurumo ule mtu akakohoa.

Mjomba akakaa chini, jasho linamtoka.

"Ni yeye," akanong'ona. "Mwenzangu."

Mwenzake huyo, fundi waliyefanya kazi pamoja, tulimzika miaka mitatu nyuma. Hapo ndipo akatueleza, macho chini. Mafundi wana desturi yao: ukizima umeme upande darini, unatundika kofia yako kwenye swichi, na haigusi mtu ila wewe. Siku ile mwenzake yuko darini, mjomba huku chini alitaka kutumia drili. Alikuwa na haraka. Akaitoa kofia ya mwenzake, akawasha, umeme ukamuua. Kisha akamwambia mjane, mbele ya jeneza, watu wote wanasikia: "Mumeo alikuwa mzembe. Hakuzima."

Mzembe! Watoto wa marehemu wamekua wakizomewa kwa neno hilo. Nilishikwa na hasira, nikatamani kumzaba kibao, mjomba asiwe mjomba.

"Nenda kamwambie ukweli yule mama," nikamwambia. "Leo hii."

"Nikafungwe? Maji yakimwagika hayazoleki."

Akainuka kwa jeuri. Akazima swichi kuu. Akapima kwa testa, hamna umeme. Akaapa atang'oa breka hiyo pamoja na waya zake. Akashika waya.

Mimi na mkewe tulikuwa mlangoni. Hakuna aliyesogea.

Swichi kuu ikaanza kupanda. Polepole. Yenyewe.

"Achia!" nikapiga kelele.

Mkono wake haukufunguka. Aliuvuta kwa mkono mwingine. Wapi!

"Nisamehe," akanong'ona. "Nilitoa kof..."

Tak.

Niliipiga swichi kwa mwiko mpaka ikashuka. Mjomba alishakata roho. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mchana huohuo nikaenda kwa mjane, mtaa wa tatu. Ukweli ule usingezikwa pamoja na mjomba, haki ya Mungu. Nilimkuta uani, ameinamia beseni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukueleza kuhusu mumeo. Hakuwa mzembe."

"Marahaba. Najua, mwanangu."

"Nani kakwambia?"

Alikuwa anakamua ovaroli la kazi la mumewe. Alinionyesha sanduku alimolifungia ovaroli hilo miaka yote mitatu. Kufuli lilikuwa bado limefungwa.

"Mbona unalifua leo?"

"Nimelikuta mlangoni saa nne," akasema, akalitundika kwenye kamba. Alikuwa anatabasamu. "Lilikuwa limelowa jasho, bado la moto."