Machozi ya Mlezi wa Chuma

Siku Munira alipokutana na Suhaib, soko la mitumba la Tandika lilikuwa limefurika, na wote wawili walikuwa wameshika gauni moja, kila mtu upande wake. Lilikuwa gauni la rangi ya fedha, la kung'aa mpaka kuumiza macho. Munira, fundi cherehani wa Vingunguti, alitaka kulifumua amshonee mteja. Suhaib alitaka kumvalisha roboti.

"Roboti yuko wapi?" Munira aliuliza, hajaachia pindo.

"Nilikuwa sijampata. Sasa hivi nadhani nimempata."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, sauti ya taratibu. Alimweleza kwamba anatengeneza filamu iitwayo Mlezi wa Chuma, habari za mashine yenye sura ya mwanamke inayomuuguza mzee asiyeweza kutembea. Watoto wa mzee hawaiamini, mpaka siku baba yao anapokufa wanaikuta inamlilia. Alikuwa akitafuta uso usioonyesha kitu. Munira hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, lakini namba ya simu alitoa.

Tangu hapo simu iliita kila asubuhi kabla hajafungua cherehani.

"Roboti wangu, umejaa chaji?"

"Imebaki kidogo. Njoo na waya."

Bibi Tabu, aliyemlea Munira tangu mama yake alipofariki, alisikia vile vicheko nyuma ya pazia akataka kumwona mwenyewe. Suhaib akaja na kanzu na halua, akatoa shikamoo yake kwa adabu, akaahidi kwamba filamu ikiisha ataleta posa. Alipoondoka, Bibi alisema kijana ana ulimi mtamu, ila macho yake hayatulii. Munira alicheka. Alishapenda.

Filamu waliipiga kwenye nyumba ambayo ujenzi wake haujaisha, Madale. Munira alilishona upya lile gauni likamkaa kama ngozi, akapakwa rangi ya fedha usoni na mikononi, akajifunza kugeuza shingo bila kugeuza mabega. Kila kitu alikiweza isipokuwa kulia. Walimkatia vitunguu, wakampaka dawa ya mafua chini ya macho. Macho yalikuwa mekundu tu.

"Mie siliagi," alimwambia Suhaib. "Nilimlilia mama nikamaliza."

Siku ya mwisho Albano, mshika kamera, alimletea Munira simu yake iliyokuwa ikiita katikati ya kazi. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikilia: Bibi Tabu kaanguka bombani, kafariki. Munira alikaa chini kwenye saruji. Machozi yalichora mistari kwenye rangi ya fedha, akamwita bibi yake kama mtoto mdogo. Hakuna aliyemsogelea. Suhaib alimwacha alie mpaka yeye Suhaib alipotosheka.

"Kata," alisema, akapiga makofi. "Bibi mzima, mpenzi. Huyo ni dada yake Albano. Umetisha."

Munira alitoka nje, akarudi Vingunguti na rangi usoni, watu wakimshangaa njia nzima. Alimkuta Bibi Tabu anachambua mchele.

Wiki mbili hakupokea simu. Wiki ya tatu Suhaib alikuja akapiga magoti mlangoni kwa Munira, mbele ya wateja, akaapa hatarudia. Alimwambia amtukane, ampige, lakini asimnyamazie. Ukweli ni kwamba Munira alikuwa amemkosa mno, na alimsamehe. Zile simu za asubuhi zikarudi. Halafu Suhaib akaomba jambo dogo: kumebaki kipande kimoja, roboti kasimama peke yake kando ya kitanda cha marehemu. Nusu siku tu.

Wakarudi Madale. Saa tatu asubuhi, kamera imeshawashwa, simu ya Munira iliita kwa namba asiyoijua. Alikuwa Bernadeta, jirani aliyehamia karibuni, anahema. Bibi Tabu kaanguka, aje upesi.

Munira aliitazama kamera, akamtazama Suhaib aliyekunja mikono. Akaangua kicheko.

"Leo mmekosea, dada. Machozi yameisha."

Akazima simu, akaendelea kucheka hadi mabega yakatikisika. Suhaib alimwashiria Albano asizime kamera. Walifanya kazi mpaka alasiri.

Jioni aliposhuka Vingunguti alikuta mikeka imetandikwa nje na wanaume wanarudi kutoka makaburini, vumbi kwenye kanzu zao. Bernadeta ndiye aliyempokea.

"Alikuwa anakuuliza mpaka saa tano," alisema. "Tulikupigia wee. Tulijua Madale tu, Madale wapi hatujui. Wakaona maiti haisubirishwi."

Baada ya hitima Suhaib alikuja na pete. Alisema wajomba zake wako tayari, kwamba hataki Munira abaki peke yake kwenye nyumba ile. Munira alimsikiliza hadi mwisho, kanga ya msiba kichwani.

"Wewe ulijua," alisema. "Mie nilidhani mmepanga. Wewe ulijua hukupanga kitu."

Suhaib alitazama viatu vyake. "Nilijua."

"Ukaniacha nicheke."

"Mwanga ulikuwa mzuri, Munira. Nilidhani dakika kumi tu. Na kile kicheko..."

Munira aliiweka pete kwenye kiganja cha Suhaib, akamkunja vidole kimoja kimoja, akaingia ndani akashusha pazia. Alibadilisha namba wiki hiyohiyo.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja wa Kinondoni. Albano, ambaye alishaacha kazi kwa Suhaib, alikuja kumwomba radhi, na Munira akamlazimisha ahadithie. Alisema watu walilia kwenye machozi, na kwenye kicheko ukumbi mzima ulinyamaza. Mwisho mtu mmoja alisimama akamuuliza Suhaib alimpataje binti wa kuicheka maiti namna ile, mtu akaamini kabisa kuwa ni mashine. Suhaib alijibu kwamba ni kipaji cha msichana mwenyewe, na watu wakampigia makofi.