Biskuti Zisizo na Maini

Walikutana buchani, siku tatu kabla ya sikukuu, foleni imefika barabarani. Mshonaji, gauni la njano limejaa vipande vya nyuzi, alikuwa ndiyo kwanza anageuka aondoke pale mbwa mnene alipomnyakulia mfuko wa maini.

"Samahani, dada! Huyu Bwana Mkubwa hana adabu."

"Kamlea nani?"

Mwenye mbwa, mpima ardhi mwenye viatu vya vumbi, alicheka, akamnunulia mengine. Wakapendana; miaka miwili ikapita kwa raha, na kila sikukuu mshonaji alimwokea Bwana Mkubwa biskuti: unga, yai, boga na maini ya kusaga, bila chumvi wala sukari. Kisha mpima ardhi akahamishiwa mbali. Mshonaji alisubiri aambiwe "twende", mwenzake akasubiri aambiwe "usiende", na basi likaondoka.

Sikukuu iliyofuata ilipokaribia, simu ililia.

"Bwana Mkubwa amegoma kula. Nielekeze zile biskuti zako."

Furaha nusura imwangushe. Alimtajia vyote isipokuwa maini. Akipatia, atapiga tena kwa lipi?

Kesho yake: "Amezitema."

"Umeziunguza, wewe! Punguza moto."

Keshokutwa yake: "Amezinusa tu, akanigeuzia mgongo."

"Ongeza boga, laazizi." Neno lilimponyoka, wala hakulirudisha.

Siku ya nne dhamiri ilimsuta. Mbwa wa watu afe njaa kwa ajili ya mapenzi yake? Akapiga mwenyewe.

"Nisamehe. Nilikuficha maini."

"Najua. Nimeyatia tangu siku ya kwanza. Si ndiyo yaliyotukutanisha? Bwana Mkubwa anakula mpaka anavimbiwa."

"Sasa ulikuwa unapigia nini?"

"Kwa sababu ileile iliyokufanya uyafiche."

Mshonaji aliketi juu ya robota la vitambaa, analia huku anacheka. Safari hii hakufunga mdomo. "Rudi, mpenzi. Rudi nyumbani."



"Ungeniambia siku ile ya basi," alisema mpima ardhi. "Keshokutwa namvisha mtu pete. Nilitaka kukusikia tu kabla ya..."

"Usimalize."

Alijifuta uso kwa kipande cha bitana. Alitafuta tusi la kumtukana, akalikosa. Kosa lilikuwa la wote wawili.

"Mpe moja," alisema. "Nimsikie."

Akayasikia meno ya Bwana Mkubwa yakivunja biskuti, taratibu, mpaka ikaisha. Ndipo akakata simu.