Robo Iliyokwisha Kulipiwa Kodi

Orville Tessmer alikuwa fundi bomba mstaafu wa mji wa Duluth, Marekani. Masikio yake yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi mkewe, Verna, alimuuliza, "Mayai mangapi?" Naye alijibu, "Ndiyo."

Mwezi wa Novemba alitoa dola elfu sita katika akaunti yake ya kustaafu, anunue vifaa vya kusikia. Kisha akaingiwa na hofu. Pesa zikakaa benki.

"Zote zitatozwa kodi," alisema. "Tungoje kwanza."

"Tungoje nini? Sauti inikauke? Nyingine tulizilipia kodi kabla ya kuziweka, mume wangu!"

Februari walikwenda maktaba. Huko Delphine Roy, karani mstaafu, huwasaidia watu bure kujaza fomu za kodi.

"Kuna michango iliyosamehewa kodi ulipoiweka," Delphine alisema kwa sauti ya juu. "Hiyo, pamoja na faida yote, inatozwa kodi ukiitoa. Isiyosamehewa haitozwi mara ya pili. Ushahidi mnao?"

Verna akafungua mkoba. Akatoa fomu namba 8606, zinazorekodi michango isiyosamehewa, za kila mwaka walipochangia hivyo.

Orville akashangaa. "Si nilikwambia uzichome?"

"Ndiyo maana nilizificha chini ya cherehani."

Delphine akajumlisha. "Mlizolipia kodi ni elfu kumi na tano. Mwisho wa mwaka akaunti nzima ilibaki na elfu hamsini na nne. Ongeza sita ulizotoa, ni elfu sitini. Kumi na tano ni robo ya sitini."

"Basi ametoa zile zile tulizolipia kodi," Verna akadakia. "Hakuna kodi!"

"Hapana, mama. Huwezi kuchagua. Zimechanganyika kama kuku na mchele kwenye supu. Kila upawa hutoka na vyote. Hata mzee angekuwa na akaunti tatu za namna hii, zingehesabiwa sufuria moja. Robo ya elfu sita, yaani elfu moja mia tano, haina kodi. Elfu nne mia tano zina kodi. Na fomu ya mwaka huu mwitunze pia. Bado mna elfu kumi na tatu mia tano zisizo na kodi, za kudai miaka ijayo."

Orville akaushika mkono wa mkewe, hakuuachia mpaka garini.

Machi akavaa vifaa vyake. Akasimama mlango wa jikoni, akisikiliza.

"Verna, kumbe unaimba ukipika?"

"Miaka yote hii. Ulidhani ni nini?"

"Friji."