Ramani ya Kichwa cha Baba Lugano

Mkono-fundi ulikuwa umeshanyooshwa juu ya kichwa cha Baba Lugano, mwembamba kama sindano ya kufumia sweta, ukingoja. Usiudharau kwa wembamba wake. Mkono ule wa kauri uliweza kupenya kwenye tundu dogo kuliko punje ya mtama, ukapita katikati ya mishipa ya ubongo bila kuugusa hata mmoja, ukanyonya damu iliyovuja, ukatoka, na mgonjwa kesho yake akaamka anaomba uji. Lakini ulikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo ulikuwa mbishi kweli kweli: haukati bila ramani.

Ramani ya ubongo ilichorwa na programu iitwayo Mchoraji. Mgonjwa aliwekewa kofia ya sumaku, chombo kipana chenye umbo la karai lililoinamishwa, kilichosoma kila kitu kilichokuwa chini yake: mfupa, nyama, mishipa, hata umeme mdogo unaokimbia kichwani mtu anapofikiri. Picha zilizotoka humo zilikuwa maelfu. Mchoraji alizipanga, akazishona pamoja, akatoa ramani moja, na mkono-fundi ukaifuata. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Siku hiyo Mchoraji alikuwa ameshaanguka mara mbili, na alikuwa anaanguka tena.

"Memori imejaa," ilisema sauti yake laini isiyo na haya. "Najifunga. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu!" Tusekile alifoka. "Mtu anakufa, wewe unaniambia usumbufu!"

Tusekile Mwambene alikuwa injinia wa mitambo ya picha katika hospitali ya jiji lile jipya lililopanda mteremko wa Mlima Rungwe, jiji la mabasi ya kuning'inia na mashamba ya chai yanayochumwa na mashine. Mkono-fundi wao ulikuwa wa kisasa kabisa. Kompyuta iliyouongoza ndiyo ilikuwa na memori kiduchu, na kuiongeza haikuwezekana. Miaka ile akili mnemba kubwa za dunia zilikuwa zimemeza karibu memori yote iliyotengenezwa. Kulikuwa na akili mnemba za kutunga nyimbo, za kubashiri mechi, hata za kuwabembeleza matajiri walale usingizi. Hospitali za mikoani zikaachiwa makombo, na watu kama Tusekile wakabaki kuzibembeleza kompyuta kuukuu zifanye kazi zilizozizidi nguvu.

Kipaza sauti kikakoroma. "Injinia, vipi huko?" Alikuwa Daktari Gwakisa, bingwa wa ubongo, aliyesimama chumba cha pili kando ya mgonjwa, ameshavaa glavu. "Mboni ya jicho lake la kushoto inapanuka. Damu inazidi kuubana ubongo."

"Nipe muda kidogo, Daktari."

"Wa kukupa mimi sina. Ninayemwona hapa ndiye mwenye muda, na unamwishia."

"Ndege ya wagonjwa je?"

"Ukungu. Hairuki. Ni hapa hapa au basi."

Baba Lugano alikuwa fundi wa nyaya za mabasi ya kuning'inia. Asubuhi hiyo aliteleza kwenye ngazi yenye unyevu akaangukia kisogo. Waliomleta walisema aliinuka, akajipangusa, akacheka, akasema hamna kitu. Alipofika mapokezi alikuwa ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka.

Tusekile alifunga kila kilichokuwa kimefunguliwa kwenye kompyuta: foleni ya wagonjwa, orodha ya dawa, kamera za getini. Akaanzisha upya. Mchoraji akaenda, akaenda, akafika pale pale pa kuunganisha picha, akaanguka. Tusekile akapunguza ubora wa picha hadi nusu. Safari hii ramani ilitoka, na Tusekile akapiga kofi la furaha, lakini mkono-fundi ukaitazama ile ramani ukakataa. "Mishipa haionekani," ukasema. "Sikati." Akajaribu kuazima nafasi kwenye diski ili itumike kama memori. Njia hiyo ni halali na huwa inasaidia, ila diski ni nzito. Mchoraji akapiga hesabu akasema atamaliza kesho.

"Kesho!" Tusekile alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na alikuwa na hasira nayo.

Akajilazimisha kukaa. Akaacha kumgombeza Mchoraji, akamuuliza swali la maana: ulikuwa unabeba mzigo wa ukubwa gani ulipoanguka? Jibu lilipotokea kwenye kioo alilisoma, akalisoma tena. Mzigo ulikuwa karibu mara mbili ya kichwa cha kawaida. Baba Lugano alikuwa mtu mzima mwenye mwili wake, sawa, lakini hakuna binadamu mwenye kichwa kama ngoma ya kwaya.

Akafukua kumbukumbu za wagonjwa wa nyuma, wale waliomshinda Mchoraji. Wote mzigo ulikuwa mkubwa hivyo hivyo. Walikuwa wamepakiwa kwenye ndege kupelekwa mbali, na si wote waliorudi. Kisha akawatazama waliofaulu. Dereva wa malori kutoka ng'ambo ya mpaka. Mfungwa. Mtalii aliyeokotwa mlimani. Bibi mmoja ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumchukua.

Tusekile akainuka polepole. Kati ya chumba chake na chumba cha kofia palikuwa na ukuta mnene wa kuzuia sumaku, wenye dirisha dogo la kioo. Dirishani palining'inia pazia. Waliotengeneza mtambo hawakuweka pazia. Liliwekwa na manesi kwa ajili ya stara ya wagonjwa, na Tusekile mwenyewe alilikubali. Akalivuta.

Baba Lugano alikuwa amelala chali, na kando yake, amepiga magoti juu ya kigoda, alikuwako mke wake. Mama Lugano alikuwa amemkumbatia mumewe mabega kwa mikono yote miwili, na paji lake la uso lilikuwa limegusana na kipaji cha mumewe, chini ya kofia kabisa. Alikuwa akimnong'oneza bila kukoma. Kofia ilikuwa inasoma vichwa viwili.

"Mungu wangu," Tusekile alisema.

Daktari alikuwa amemwona mama yule tangu mwanzo. Manesi walimwona, tena ndio waliomletea kigoda. Maelekezo ya mtambo yalisema mgonjwa awe peke yake, lakini nani huku anamwacha mgonjwa wake peke yake? Ndugu waliambiwa wavue hereni na pete, wakaingia, wakamshika mtu wao. Lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kulitaja.

"Daktari," Tusekile aliita kwenye kipaza sauti, "mtoe mama. Kichwa chake kiko ndani ya picha."

Daktari akamgusa Mama Lugano begani. Mama akajivuta nyuma kidogo tu, na hapo hapo Baba Lugano akaanza kurusha mikono, kichwa kikipiga huku na huku. Manesi wawili hawakumweza. Mama akarudi kipaji kwa kipaji, akamwambia neno, na yule mzee akatulia.

"Umeona?" Daktari alisema. "Na dawa ya usingizi siwezi kumpa kabla ya ramani. Nikimlaza, sehemu za kuongea na kutembea hazitaonekana, mkono utazikata."

"Basi mwache mama hapo hapo," Tusekile alisema. "Nitamtoa mimi huku."

Wazo lilikuwa rahisi, kazi ndiyo ilikuwa ngumu. Kompyuta haikuweza kuifungua picha nzima ili ipunguzwe, maana kuifungua tu kungeiangusha. Kwa hiyo Tusekile aliiagiza iisome kama mkate uliokatwa: chukua kipande kimoja chembamba, bakiza upande wa mume, weka pembeni upande wa mke, sahau, chukua kingine. Penye nafasi kati ya vichwa kompyuta ilikata yenyewe. Penye kipaji kilichogusana na kipaji ilibidi akate yeye, kwa mkono, maana ngozi zilishikana na mashine haikujua nani anaishia wapi. Akikosea, mkono-fundi ungeingia pasipotakiwa. Na kofia ilikuwa bado inasoma, kwa kuwa damu ilikuwa inasogea. Mzee akitikisa kichwa kabla ya ramani kukamilika, kazi yote inaanza upya.

Alikuwa amefika kwenye vipande vya chini, karibu na macho, alipoona kitu upande wa mke. Akaacha kukata.

Kwenye mshipa mmoja wa Mama Lugano palikuwa na uvimbe, mviringo, wa ukubwa wa punje ya kunde, na ukuta wake ulikuwa mwembamba mno. Tusekile hakuwa daktari, lakini alikuwa ameona picha za kutosha kujua kinachoitwa mshipa unaosubiri kupasuka. Akakituma kile kipande kwenye kioo cha Daktari.

Daktari alikitazama. Alipojibu alikuwa ameshusha sauti na kugeuzia mgongo kitanda. "Nimeona. Kata upande wake, weka pembeni, endelea."

"Daktari, anamshika mtu mzima anayerusha mikono. Presha yake iko wapi sasa hivi?"

"Itakuwa juu. Najua. Endelea."

"Tunapaswa kumwambia."

"Umwambie moyo umwende mbio, mshipa upasuke palepale? Tukimtoa, mumewe amekwenda. Acha nimwokoe mmoja kwanza, Tusekile. Nakuomba."

Tusekile alikata kipande kingine, na kingine. Kila alipoweka pembeni upande wa mama yule aliona kama anamtupa. Daktari hakusema uongo, na hilo ndilo lililomuumiza. Lakini mwenye kichwa ni Mama Lugano, na hakuna aliyemuuliza. Vilipobaki vipande ambavyo kompyuta ingevimaliza yenyewe, aliiachia, akavua hereni, akaingia chumba cha kofia.

"Injinia!" Daktari alisema.

Tusekile akapiga magoti sakafuni. "Shikamoo, mama. Usigeuke, nisikilize tu."

"Marahaba, mwanangu. Anakufa?"

"Hapana. Ramani yake inakaribia. Lakini kofia imekusoma na wewe. Kichwani mwako kuna mshipa umevimba. Ukiendelea kujikaza hivi unaweza kupasuka. Nikikuondoa, baba atatikisika na ramani itaharibika. Sijui nikuambie ufanye nini. Nimeona tu usifichwe."

Daktari alikuwa anatazama namba za mapigo ya Baba Lugano asijue kama amtazame mke. Kisha mama akavuta pumzi ndefu.

"Hichi kichwa kimeniuma tangu mwaka jana," alisema. "Nikasema ni miwani." Akahamisha magoti, akalegeza mikono, akakilaza kichwa chake badala ya kukikaza. "Nikikaa hivi natumia nguvu?"

"Kidogo tu, mama."

"Basi nitakaa hivi. Atalalamika, nitamwimbia. Ndaga, asante, mwanangu, kwa kuniambia. Haya, nenda kwenye kompyuta yako, unanichelewesha."

Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kubembeleza watoto, bila hata kupandisha sauti. Tusekile alirudi mbio. Mchoraji alikuwa anakula kipande cha mwisho. Alishona, akafika pale pale anapoangukia siku zote, na Tusekile akafumba macho.

"Ramani imekamilika," sauti ikasema.

Mkono-fundi ukaitazama. "Nimeiona," ukasema. "Naweza."

Daktari akamchoma Baba Lugano dawa ya usingizi, na manesi wakamwinua mama taratibu, kama wanaobeba mayai. Mkono ukaingia. Damu nyeusi ikapanda kwenye mrija wa kioo, ikapanda tena, na mboni ya jicho la kushoto la mzee ikaanza kurudi udogo wake. Daktari Gwakisa akaegemea ukuta.

"Imetoka," alisema. "Yote. Huyu ataishi."

Mama Lugano alicheka, akalia, akamshukuru kila mtu hadi mkono-fundi. Halafu akatulia, akakitazama kitanda cha pili ambacho nesi alikuwa anakitandika chini ya kofia. Picha zake za mwanzo zilikuwa za upande mmoja, zimekatikia ukingoni; ilibidi asomwe upya. Yule aliyemtuliza mumewe saa ile yote sasa hakuweza kufungua fundo la kilemba chake mwenyewe.

"Na mimi nani atanishika?" aliuliza. Aliuliza kama anatania, lakini macho hayakutania. "Mwanangu Lugano yuko huko mwezini, machimboni. Huyu mnamwona amelala."

"Mama, wewe unaweza kukaa peke yako, hutikisiki," Daktari alisema kwa upole. "Itakuwa rahisi zaidi kwa mashine."

"Najua. Nauliza tu."

Tusekile alitazama kofia. Kilichokuwa kinamtisha hakikuwa Mchoraji. Mtu anayeweka kichwa pale anasomwa, apende asipende, na yeye kwa muda mrefu alikuwa anaamka na ganzi ya mkono wa kulia ambayo hakumwambia mtu. Akasogeza kigoda.

"Injinia, itaanguka tena," Daktari alisema.

"Nitaikata vipande nikitoka hapa. Nimeshajua."

Akapiga magoti, akakiweka kipaji chake kwenye kipaji cha Mama Lugano. Ngozi ya yule mama ilikuwa ya moto. Kofia ikaanza kunguruma juu yao wote wawili.