Vumbi la Chungwa Begani

Foleni ya kusajili laini za simu ilikuwa imevuka mlango na kukunja kona, na watu walikuwa wamechoka hata kulalamika. Mbele ya bibi shamba wa bustani za manispaa alisimama muuguzi wa kiume, mrefu, sare yake nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Kasoro ilikuwa moja tu: begani alikuwa na vumbi la rangi ya chungwa, kama mtu aliyeegemea gunia la manjano.

Bibi shamba alikuwa na miaka thelathini na miwili, gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na udongo wa kitalu kwenye viatu. Alijizuia dakika tano. Ya sita ikamshinda. Akamgusa bega kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake kwenye mwanga.

"Samahani, kaka. Nyumbani kwenu kuna mti wa maua meupe, ule wenye utomvu kama maziwa?"

Muuguzi akageuka. "Upo. Umejuaje?"

"Umeuvaa begani. Mti wenu unaumwa."

Muuguzi akacheka mpaka aliyekuwa mbele yake akageuka. Kwa wiki tatu alikuwa akimlaumu mama yake, akidhani ni manjano ya jikoni yanayochafua sare. Bibi shamba akamweleza kwamba ule ni ukungu uitwao kutu. Unaota chini ya jani, unalitia madoa mpaka linapukutika, na jani lililoanguka ndilo linalotunza ugonjwa. Yazolewe yote, yafungwe kwenye mfuko, yaondolewe uani. Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani. Dawa ipulizwe asubuhi kabla jua halijakaza, na zaidi upande wa chini wa jani.

Muuguzi aliuliza kama anavyouliza wodini: kipimo gani, mara ngapi, kwa muda gani. Walipofika dirishani akapata laini yake mpya, na namba ya kwanza aliyoiingiza ilikuwa ya bibi shamba.

Simu tatu za mwanzo zilikuwa za mti. Ya nne haikuwa na jani hata moja.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" aliuliza bibi shamba.

"Mgonjwa hajambo. Muuguzi ndiye mwenye homa."

"Basi ameze dawa alale."

"Dawa yake imejifungia kwenye kitalu, inamwagilia miche."

Wakaanza kuonana Jumamosi alasiri, kwenye benchi la nje ya kitalu. Muuguzi alikuja na shati la buluu, nywele zimechanwa. Bibi shamba alivua viatu vya kazi na kuvaa ndala nyekundu, ndiko kujipamba kwake. Hapo ndipo muuguzi alipomwambia kwamba mti ule ulipandwa na marehemu baba yake wiki aliyozaliwa yeye. Mwenye nyumba alikuwa amechoshwa na wapangaji wenzao wanaolalamika kuwa nguo zao kambani zinaingia madoa. Alishasema kama mvua zitakwisha na vumbi lipo, ataleta msumeno. Siku ile mama hakula.

Mti ukapulizwa dawa mara tatu. Majani mapya yakatoka, laini na mabichi, na baada ya wiki sita yakaingia madoa yale yale.

Bibi shamba akaja kuutazama mwenyewe, siku ambayo mama alikwenda kumtembelea dada yake. Aligeuza majani, akakuna kichwa, kisha akachuchumaa shinani na kuchimbua kwa kijiti. Chini ya udongo mwembamba palikuwa na majani makavu, tabaka juu ya tabaka, bado yana kutu.

"Uliniambia yanazolewa na kutolewa."

"Yanazolewa. Nikiwa zamu ya mchana mama anazoa, nisipokuwa kazini nazoa mimi."

"Na haya yamejizika?" Alisimama akajipangusa mikono. "Mtu akikosa muda aseme. Ningekuja kuzoa mwenyewe. Ila kudanganywa siwezi."

Bibi shamba aliwahi kuposwa na mtu mwenye mke mji mwingine, naye akajua siku ya kushona nguo za harusi. Muuguzi hakuwa na habari hiyo. Alichosikia ni kwamba ameitwa mwongo uani kwao, na hasira ikamzuia hata kujiuliza nani aliyeyafukia.

"Miaka kumi wagonjwa wananiamini kwa sindano," alisema polepole. "Wewe hukuweza kuniamini kwa majani."

Bibi shamba akaondoka. Muuguzi alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, naye akanuna. Wiki mbili zikapita. Kwenye kitalu bibi shamba alipandikiza trei nzima ya miche kichwa chini miguu juu, na mwenzake akamtuma akapumzike.

Siku moja, mama mmoja mfupi aliingia kitaluni amekumbatia mkoba, akauliza yule anayejua magonjwa ya miti.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Mimi ndiye mama wa muuguzi." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa. "Majani nilikuwa nayafukia mimi, mwanangu. Marehemu mume wangu alisema cha mti kirudi kwa mti. Nilidhani naulisha. Kijana wangu hajui. Nimemwona hali, haongei, nikamuuliza mpaka akasema, na mimi nikaona aibu kumwambia. Nikaona nianze kwako."

Bibi shamba alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Alimwambia mumewe hakukosea. Kwa mti mzima majani ni chakula, kwa mti mgonjwa ni ugonjwa ule ule unaorudi mezani. Wakazungumza karibu saa nzima, na si ya mti peke yake.

Mama alipoondoka, bibi shamba alipiga simu. Muuguzi alikuwa wodini, akatoka koridoni.

"Nilikuita mwongo," alisema bibi shamba, "na hukuwa. Nisamehe." Akamweleza alichokiri mama, kisha akamsimulia habari ya yule mposaji, yote, bila kujipendelea.

"Jumamosi njoo na mkasi wa matawi," muuguzi akasema. "Na mimi nilinuna kama mtoto."

Jumamosi walifukua majani yote, wakajaza mifuko tisa. Wakapunguza matawi yaliyobanana ili upepo upite, glavu mikononi kwa ajili ya utomvu, na mama akifunga mifuko kwa kamba. Mwenye nyumba alikuja kutazama. Alizunguka shina mara mbili, akasema anawapa mpaka mvua zijazo, akaenda zake.

Jioni walikaa ngazini, wamechoka, utomvu umekauka kwenye nguo zao.

"Nataka kuja kwenu," alisema muuguzi. "Na wazee wangu. Sijui tu pa kuanzia, maana hujawahi kuniambia wazazi wako wanakaa wapi."

"Mama yako alishaniuliza, kule kitaluni."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimchorea ramani."