Mfereji Ulionyooka

Kila asubuhi Ndikumana aliteremka Kalundu kubeba magunia bandarini. Mkewe Apolline alibaki mtaa wa Rugenge na binti yao Kwizera, akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Walikaa katika chumba kimoja cha matofali mabichi, kwenye mteremko, katika kiwanja walichopewa na chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa. Vita viliwatoa Kiringye, kijiji chao cha bondeni, mwaka uliopita. Kule waliacha shamba la mpunga. Hapa walikuwa na paa, wakashukuru.

Shida ilikuwa mvua. Wakati wa vita watu wengi walikimbilia mjini, wakakata miti ya mlimani kuchoma makala ya kupikia. Mlima ukabaki uchi. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mbio mpaka chini ya kitanda cha Ndikumana.

Hakuuliza mtu. Alichukua jembe, akachimba mfereji ulionyooka kutoka juu ya kiwanja mpaka chini, kama alivyozoea kule bondeni. Bonde la Ruzizi ni tambarare. Kule usipoyafungulia maji njia iliyonyooka, hayaendi.

"Minye nimelima mpunga, maji na minye tunajuana," alimwambia mkewe.

Mvua iliyofuata, nyumba yake ilikaa kavu. Lakini maji yalikula mfereji ukawa korongo la kufika magotini. Yakaenda kupiga jiko la Marie-Rose, jirani wa chini. Ukuta ukalala. Sufuria zake ziliokotwa barabarani.

Marie-Rose, mzaliwa wa mwambao wa ziwa, alipanda amefunga kitenge kiunoni.

"Baba Kwizera, maji hii uliikimbiza pamoja na weye toka Kiringye?"

"Ni maji ya Mungu, mama."

"Mungu hana jembe."

Chefu aliitwa. Alitazama korongo, akatazama ukuta.

"Marie-Rose atajenga upya," alisema. "Ukuta ukianguka tena, Ndikumana, utatafuta kiwanja kwingine."

Apolline alikaa chini. Kwingine wapi? Njia ya Kiringye ilikuwa na bunduki kila kona.

Jumapili baada ya misa alikuja Honorine, mjane wa nyumba ya tatu. Kabla ya vita alikuwa monita wa kilimo, akifundisha watu wa milimani kushika udongo. Alibeba bidoni ya maji. Alimwaga nusu kwenye udongo mtupu. Maji yakakimbia, mekundu kwa udongo. Nusu nyingine alimwaga juu ya kichaka cha matete. Hayakufika hata kwenye vidole vya Ndikumana.

"Yameenda wapi?" Honorine aliuliza.

"Chini, ndani ya udongo."

"Basi hayakuenda kwa Marie-Rose. Kwenye mteremko, mtaro haunyooki kwenda chini. Unalala kuvuka mteremko, ili maji yasimame, yanywewe na udongo. Udongo unaochimba, weka upande wa chini, panda matete juu yake. Mizizi itaushika. Yakizidi, yatoke pembeni juu ya mawe, yaende kwenye lile korongo la zamani kando ya viwanja. Na korongo lile lisijengwe, wala lisitupiwe takataka."

"Nitajuaje mtaro uko sawa, hauinami?"

Honorine akacheka. "Mtu wa mpunga ananiuliza minye? Kiringye shamba likiinama, mulikuwa munafanya nini?"

"Tunaweka maji kidogo, tunaona yanakimbilia wapi, tunasawazisha..."

Ndikumana akainuka kwenda kutafuta jembe.

"Ngoja," alisema Honorine. "Kiwanja kimoja hakitoshi. Maji yanatoka kwa watu sita juu yako."

Chefu alikubali salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, ifanyike hapo. Watu walinung'unika, Léopold kuliko wote, kwa sababu banda lake la nguruwe lilikuwa ndani ya korongo la zamani. Alilihamisha Jumamosi ya pili, baada ya kuona analima peke yake, hasemeshwi na mtu.

Ndikumana alipima kila mtaro kwa maji. Mchana mmoja risasi zikalia upande wa bonde. Watu wote wakalala ndani ya mitaro. Marie-Rose akajikuta kando ya Ndikumana, tope shavuni.

"Mtaro iko na kazi mbili," alisema. "Lakini ujue, bado sijakusamehe."

Kulipotulia waliinuka, wakashika majembe. Walifanya hivyo Jumamosi tatu. Walifukia mfereji wa Ndikumana. Maji ya mapaa waliyaelekeza kwenye mashimo ya migomba. Mvua ndogo zikaja, matete yakashika.

Desemba ikaja mvua kubwa. Ndikumana alisimama nje na jembe, ameloa. Mtaro wa kwanza ulijaa, maji yakatulia kama shambani kwa mpunga. Wa pili ukajaa. Mahali pamoja palivuja; akapaziba kwa bonge la majani. Yaliyozidi yalipita juu ya mawe polepole, yakaenda korongoni. Ukuta mpya wa Marie-Rose ulilowa kimo cha kidole, basi.

Asubuhi chefu alikuja. Akaugonga ukuta kwa kiganja.

"Umesimama," alisema. "Mama Marie-Rose, neno ni lako. Hawa wabaki ao waende?"

Apolline aliacha kugeuza ndagala.

Marie-Rose alitazama juu ya mteremko.

"Waende wapi? Mtaro wa pili umejaa matope. Mwambieni Baba Kwizera alete jembe, minye naleta karai."